Utangulizi: Kuihoji Geji Kabla ya Kuihukumu Injini

Maji yakitokota kwenye sufuria pale Khayega, kipimajoto kizima husoma karibu nyuzi 95 za Selsiasi, si 100. Soko hili la kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, panapochepuka njia ya Shinyalu, liko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko Mombasa. Fundi asiyelijua hilo atatumbukiza kihisi cha joto katika maji ya moto, aone 95, akitupe, anunue kipya kwa bei ya kuumiza, akipime, aone 95 tena. Atakuwa ametupa kifaa kilichokuwa kikimwambia kweli.

Kitabu hiki kimeandikwa kumwepusha na hasara hiyo, pamoja na hasara zilizo kubwa zaidi yake. Kinaeleza namna ya kupima geji za injini, kutafuta hitilafu zake na kuzibadilisha, hasa katika ndege ndogo ambazo watu hujiundia wenyewe. Huenda ukauliza, ndege na Khayega vinahusiana wapi? Vinahusiana kwa njia mbili. Kwanza, fizikia iliyo ndani ya geji ya ndege ndiyo iliyo ndani ya geji ya matatu inayopakia abiria wa Mbale na Chavakali, na ndiyo iliyo kwenye injini ya dizeli ya kinu cha posho. Pili, vijana watakaozitengeneza ndege hizo wako hapa hapa. Chuo cha Sigalagala kiko jirani, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega mjini, na gereji za jua kali zimejaa mikono yenye ustadi. Wanachokosa wengi wao ni utaratibu wa kufikiri, na huo hufundishika.

Ndege ya kujiundia si jambo la ajabu wala geni. Ndege ya kwanza kabisa iliundwa hivyo. Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Marekani, na injini yao ya nguvu za farasi zipatazo 12 ilitengenezwa na fundi wao, Charlie Taylor, katika karakana ya duka hilo. Waliporuka tarehe 17 Desemba 1903, chombo chao kilibeba kihesabu cha mizunguko ya injini, saa ya kupima muda na kifaa cha kupima upepo. Safari ndefu kuliko zote siku ile ilidumu sekunde 59. Hata kwa muda mfupi kiasi hicho, ndugu hao walitaka kujua injini ilizunguka mara ngapi, kwa sababu kuruka bila kipimo kungewaachia furaha tu bila maarifa ya kuendelea nayo.

Hapa Kenya, karibu mwaka wa 2010, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta kutoka Nyeri, aliunda ndege nyumbani kwake akatumia injini ya gari la Toyota. Haikumpeleka angani kama alivyotumaini, lakini hakukata tamaa, aliendelea kuunda nyingine. Namtaja kwa heshima, kwa sababu kazi yake inafungua swali la kwanza la kitabu hiki. Injini ya gari ikihamishiwa kwenye ndege, je, geji zake za gari zinafaa kuhama nayo?

Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Injini ya gari hutumia nguvu zake zote kwa nadra, labda kwenye mlima au wakati wa kulipita lori. Injini ya ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha hufanya kazi kwa asilimia 65 hadi 75 ya nguvu hizo kwa saa nzima au zaidi. Isitoshe, geji za joto katika magari mengi ya siku hizi zimetengenezwa zisimsumbue dereva. Mshale hukaa katikati bila kutikisika huku joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, hadi mambo yaharibike ndipo uruke juu. Dereva wa matatu anaweza kuegesha kando ya barabara na kufungua boneti. Rubani hana kando ya barabara. Anahitaji geji inayomwonyesha mabadiliko madogo mapema, angali na nafasi ya kuchagua pa kutua.

Geji za injini ni nyingi, lakini maswali yake ni machache. Injini inazunguka kwa kasi gani? Oili ina presha kiasi gani, na joto gani? Vichwa vya silinda vina joto gani, na moshi unaotoka una joto gani? Mafuta yaliyobaki ni kiasi gani, na yanayofika kwenye injini ni kiasi gani? Umeme una volti ngapi? Kila injini ina mipaka yake iliyoandikwa na walioitengeneza. Rotax 912, ambayo hutumika sana katika ndege nyepesi, haipaswi kuzidi mizunguko 5,800 kwa dakika, na kasi hiyo ya juu huruhusiwa kwa dakika 5 tu. Ya kudumu ni 5,500. Kwenye injini nyingi za Lycoming zinazopozwa kwa hewa, kichwa cha silinda kisipite nyuzi 500 za Farenhaiti, yaani 260 za Selsiasi. Angalia vizuri vipimo hivi viwili vya joto. Fundi aliyezoea Selsiasi akisoma geji ya Farenhaiti anaweza kudhani injini inaungua kumbe haijapata moto wa kutosha kupaa.

Jambo la msingi ninalotaka ulibebe kutoka ukurasa huu ni kwamba namba unayoiona kwenye dashibodi haitoki kwenye injini moja kwa moja. Imepita mnyororo wa vitu vitano: kihisi kilichofungwa kwenye injini, waya unaotoka kwake, njia ya kurudishia umeme ambayo mafundi huiita ethi, umeme unaolisha geji, na geji yenyewe. Kiungo chochote kikilegea, namba hubadilika, na injini haina habari.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Kihisi cha presha ya oili cha aina ya VDO, ambacho utakikuta kwenye magari, jenereta na ndege za kujiundia, kina ukinzani wa takriban omu 10 presha ikiwa sifuri, na karibu omu 184 presha ikifika ba 10. Presha ikipanda, ukinzani hupanda. Ba 2 ni kama omu 52, ba 4 ni kama omu 88. Kihisi hiki mara nyingi hupata ethi yake kupitia nyuzi za parafujo zilizoingia kwenye bloku ya injini. Sasa fikiria kwamba waya mnene unaounganisha injini na betri umeshika kutu, au fundi amezizungushia nyuzi zile tepu nyeupe ya mafundi bomba ili oili isivuje. Kizuizi cha omu 36 tu kikiongezeka hapo, presha halisi ya ba 2 itasomeka kuwa ba 4. Oili inapungua nguvu, geji inasema mambo ni shwari.

Ubaya hauishii hapo. Vihisi vingi vya joto la oili vinavyotumia ukinzani hufanya kazi kinyume chake: joto likipanda, ukinzani hushuka. Kwa hiyo kutu ile ile ikiongeza ukinzani, geji ya joto itasoma baridi kuliko hali ilivyo. Ethi moja mbovu imepandisha presha na kushusha joto kwenye dashibodi, na zote mbili zimekwenda upande wa kumfariji rubani. Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wachunguze ethi kabla ya kingine chochote. Kakamega hunyeshewa na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mahali penye unyevu kiasi hicho kutu haihitaji kualikwa.

Kupima ni rahisi kwa anayefuata utaratibu. Chomoa waya kwenye kihisi. Badala yake unganisha rezista ya thamani unayoijua, ile ya bei ndogo kutoka duka la vifaa vya elektroniki, upande wa pili ukiwa kwenye ethi uliyoihakikisha. Geji ikionyesha presha inayolingana na rezista hiyo, basi geji na waya wake ni vizima, na shaka imebaki kwa kihisi, ethi ya injini, au oili yenyewe. Ili kutofautisha hayo, funga geji ya kimakanika inayosoma oili moja kwa moja, washa injini chini, ulinganishe. Geji hiyo nayo ikionyesha presha ndogo, acha kubadilisha geji. Tatizo liko kwenye injini, na umelijua kabla halijakuua.

Joto la vichwa vya silinda na la moshi hupimwa kwa njia nyingine, inayoitwa thamokapo. Mwaka wa 1821 Thomas Seebeck aligundua athari inayojitokeza pale metali mbili tofauti zinapounganishwa na maungio yake kutofautiana joto: umeme huzalika. Kwenye ndege, aina ya J, ya chuma na konstantani, hutumika sana kwa vichwa vya silinda, na aina ya K kwa moshi. Umeme wake ni mdogo mno. Ukitumbukiza thamokapo ya aina ya K katika maji yanayotokota Khayega siku yenye joto la nyuzi 25, mita itakuonyesha karibu milivolti 2.9, ya aina ya J itakuonyesha karibu 3.7. Ukijua namba hizo mbili, unaweza kuikagua thamokapo kwa jiko la makaa na mita ya kawaida.

Mitego ya thamokapo ni miwili, na yote huwanasa mafundi hodari wa umeme wa magari. Wa kwanza ni waya. Waya wa thamokapo ukiwa mfupi, fundi huunga kipande cha waya wa shaba, kwa kuwa kwenye taa au honi hilo halina neno. Hapa linaleta kosa, kwa sababu maungio mapya yasiyo na joto sawa huingiza umeme wake yenyewe kwenye hesabu. Waya wa kuongezea lazima uwe wa metali zile zile. Mtego wa pili ni rangi. Gereji zote za barabara hii zinajua kwamba waya mwekundu ni chanya. Katika waya wa thamokapo wa mfumo wa Kimarekani, mwekundu ndio hasi. Ukiufunga kwa mazoea, geji itakwenda kinyume: injini ikipata moto, mshale utashuka.

Kihesabu cha mizunguko nacho kina onyo lake, na ningependa kila mwanafunzi alijue kabla hajagusa spana. Katika injini nyingi za ndege, cheche za plagi hutoka kwenye magneto, nayo haihitaji betri. Swichi ya kuzima hufanya kazi kwa kuipeleka magneto kwenye ethi kupitia waya mmoja, na baadhi ya geji za mizunguko hunasa ishara yake kwenye waya huo huo. Ukiuchomoa ili uibadilishe geji, au ukikatika ndani ya mpira wake, magneto imekuwa hai hata kama swichi imezimwa na betri imetolewa. Mtu akiizungusha rafadha kwa mkono, injini inaweza kuwaka na kumkata. Kwa hiyo rafadha ihesabiwe kuwa hai wakati wote, na asikae mtu mbele yake.

Kuhusu mafuta, historia yetu ina somo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi juu ya Atlantiki mnamo Septemba 1936. Injini ilizimika karibu na mwisho wa safari kwa kuwa mafuta hayakuifikia, na inaelezwa kuwa barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Alitua kwa shida kwenye eneo la mawe na majimaji huko Nova Scotia, akapona. Geji ya tangi hukuambia kilichomo tangini. Haikuambii kinachofika kwenye injini, na ndiyo maana ndege huhitaji pia geji ya presha ya mafuta au ya mtiririko wake.

Sasa nifike kwenye kiini cha taaluma hii, yaani lini uiamini geji na lini uishuku. Ajali mbili za ndege kubwa zinafundisha pande zote mbili. Tarehe 13 Januari 1982, ndege ya Air Florida aina ya Boeing 737 ilipaa kutoka Washington wakati wa theluji. Barafu ilikuwa imeziba vihisi vya presha kwenye midomo ya injini zote mbili, kwa hiyo geji kuu ya nguvu ilisoma 2.04 huku nguvu halisi ikiwa karibu 1.70. Geji nyingine za injini zile zile zilikuwa zikionyesha nguvu pungufu. Ndege ilishindwa kupanda, ikagonga daraja la mto Potomac, na watu 78 wakafa. Tarehe 8 Januari 1989, karibu na kijiji cha Kegworth nchini Uingereza, ndege ya British Midland ilianguka baada ya marubani kuzima injini nzima na kubaki na iliyovunjika. Geji za mtikisiko zilionyesha sawasawa ni injini gani yenye hitilafu, lakini zilikuwa ndogo, na marubani wa enzi hiyo walikuwa wamezoea geji za mtikisiko zisizoaminika katika ndege za zamani. Watu 47 walikufa. Mahali pamoja iliaminiwa geji yenye kosa, mahali pengine ikapuuzwa geji yenye kweli.

Mzee anayeamua kesi ya mpaka wa shamba huwasikiliza mashahidi kadhaa, na huuliza kila mmoja alisimama wapi alipoona alichoona. Geji nazo zihojiwe hivyo. Presha ya oili ikishuka kwa kweli, baada ya muda joto la oili kwa kawaida litapanda. Presha ikidondoka hadi sifuri ghafla huku joto limetulia na injini ikiimba vilevile, waya au kihisi kinashukiwa. Geji moja ikisumbua peke yake, anza na kihisi chake. Zikisumbua zote pamoja, anza na kinachozihusu zote: fyuzi, umeme au ethi. Silinda moja ikisoma moto, badilishana vihisi vya silinda mbili. Kosa likihama na kihisi, kihisi ni kibovu. Likibaki pale pale, silinda ina neno la kusema.

Kutokana na hayo nimejenga kanuni ambayo sura zote zinaifuata. Angani, habari mbaya kutoka kwenye geji ichukuliwe kuwa kweli, na rubani aelekee pa kutua. Chini, habari hiyo hiyo ihojiwe, kwa kuanza na kilicho rahisi na cha bei ndogo. Habari njema nayo isipokelewe bila kuuliza geji hiyo ilipimwa lini.

Upimaji huo hauhitaji maabara. Geji ya presha ya hewa inayoingia kwenye silinda, injini ikiwa imezimwa, inapaswa kusoma hewa ya mahali ilipo. Kwenye pwani ni karibu inchi 30 za zebaki. Khayega ni karibu 25. Geji inayosoma 30 hapa, injini ikiwa kimya, ni mbovu, hata kama ilitoka dukani jana.

Sura za mwisho zinahusu kubadilisha. Toa waya hasi wa betri kwanza. Piga picha na kubandika lebo kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa. Hakikisha geji mpya na kihisi vinaelewana. Geji inayotarajia omu 10 hadi 184 ikipewa kihisi cha aina nyingine itatoa namba zisizo na maana, na zile za kielektroniki zinahitaji kuambiwa kwenye mpangilio wake ni kihisi gani kimefungwa. Funga waya usicheze, kwa kuwa mtikisiko hukata shaba polepole pale inapopinda. Washa injini chini, ulinganishe na kipimo cha pili, kisha uandike.

Na ieleweke kwamba kujua kutengeneza si ruhusa ya kuruka. Kenya ina Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayotoa vibali vya ndege na leseni za mafundi. Anayejiundia ndege aanze mazungumzo na Mamlaka kabla ya kununua bati la kwanza. Fundi asiye na leseni ana mahali pengi pa kuzoeza mkono: jenereta, pampu ya maji, trekta, kinu cha posho. Huko kosa hugharimu pesa tu, na somo ni lile lile.

Karibu basi, msomaji, na usisome kitabu hiki ukiwa umekaa tu. Tafuta mita, rezista tatu na sufuria ya maji, upime geji ya injini iliyo karibu nawe kabla hujafika sura ya pili. Andika tarehe, namba uliyoiona na namba uliyoitarajia. Na siku utakapoaminiwa ndege ya mtu, usitie sahihi kwamba geji ni nzima kama hukuipima kwa mkono wako.